Zana Walizoziacha Waporaji

Karakana niliyopata kazi ilikuwa bondeni Kimisagara, mjini Kigali, na siku niliyofunguliwa stoo yake nilidhani imekombwa yote. Milango ilikuwa imeng'olewa pamoja na bawaba. Spana, nyundo, misumeno, jeki, hata balbu za taa, vyote vilikuwa vimekwenda. Nusu ya mabati ya paa haikuwepo, na mvua za Oktoba zilikuwa zimeshaanza kuingia ndani. Mashine kubwa za kukerezea vyuma zilibaki kwa sababu hakuna mtu awezaye kuzibeba mgongoni. Lakini chini ya rafu, ndani ya visanduku vya mbao na juu ya sakafu yenye tope jekundu, vilikuwepo vyuma vidogovidogo ambavyo hakuna mporaji aliyejisumbua navyo. Waliochukua walichukua walichokijua. Walichoacha ni kile ambacho hawakujua kinafanya nini.

Nilivikusanya nikajaza makarai matatu. Nilipomaliza nilisimama mbele yake nikatambua kwamba na mimi sivijui.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilizaliwa na kukulia Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliovuka mpaka kabla sijazaliwa, na kazi niliyoijua ilikuwa ya kutunza ghala la kahawa. Huko vitu vilikuwa magunia, mizani na kamba. Niliingia Kigali mwishoni mwa Agosti 1994, juu ya lori, pamoja na shangazi yangu na magodoro mawili. Mji ambao baba alinisimulia tangu utotoni niliukuta umenyamaza. Watu walitembea upande mmoja wa barabara wakiangalia chini, na ukimuuliza mtu njia, alikuonyesha kwa mkono bila kufungua mdomo.

Msimamizi wetu alikuwa mtu aliyekulia Uganda, mpole, mwenye haraka. Alitaka pampu za maji na mashine za kusaga zianze kutengenezwa kabla ya Krismasi. Aliniambia niandike orodha ya kila kilichobaki: jina lake, kazi yake, na kama ni kizima. Nilimweleza kwamba siwezi kuandika jina la kitu nisichokijua. Alichukua kimoja kutoka kwenye karai, akakigeuza mara mbili, akakirudisha. Naye hakujua. Mafundi tuliokuwa nao wakati huo walikuwa wawili, vijana waliojifunza kutengeneza magari Kampala, na wao pia walitikisa vichwa.

Kimoja kilitutisha sote. Kilikuwa kirefu kama mkono kuanzia kiwiko, chenye mpini wa mbao, na chuma chake kilikuwa na pande tatu zilizokutana kwenye ncha kali. Mwaka ule hapakuwa na mtu aliyeweza kuona kitu chenye makali akakiona tu hivyo. Nilikifunga kwenye gunia, nikakiweka peke yake kwenye kona, na nilipopita pale nilipitia mbali.

Mwanamke aliyeuza parachichi mbele ya lango letu ndiye aliyetuambia kwamba katika mafundi wa zamani wa pale amebaki mmoja. Alikuwa mzee, mkerezaji wa vyuma, anaishi mtaa wa Gitega, si mbali, na tangu Julai hatoki nje ya ua wake. Msimamizi alimtumia ujumbe mara mbili. Jibu lilikuwa moja: mikono yake imesahau.

Mara ya tatu nilikwenda mwenyewe. Sikwenda na barua. Nilichukua chuma kimoja kwenye karai, kilichofanana na kisu cha kukunja, ila badala ya wembe mmoja kilikuwa na majani mengi membamba, na kila jani lilikuwa na meno kama ya msumeno mdogo. Nilikifunga kwenye leso.

Nilimkuta amekaa kwenye benchi, anapukuchua maharage. Alikuwa mwembamba, mwenye nywele nyeupe pembeni tu, na shati lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Nilimwamkia shikamoo, kama nilivyofundishwa. Aliniangalia kidogo.

"Hiyo iko ya Tanzania," alisema. "Mimi sijui namna ya kuijibu. Nasema jambo tu."

Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kigali, cha kazini, alichojifunza kwa mafundi Wakongo alipokuwa kijana. Nilimweleza mimi ni nani na ninatoka wapi. Alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea na maharage. Nilipomaliza, nilifungua leso nikakiweka kile chuma kwenye benchi kati yetu.

Alikiangalia muda mrefu. Kisha akapangusa kidole gumba kwenye suruali, akakichukua, akaanza kufungua majani yake moja baada ya jingine kama mtu anayetafuta ukurasa kwenye kitabu cha sala. Alifika kwenye jani moja akasimama. Jino lake moja lilikuwa limevunjika.

"Hapa ilivunjika kwangu," alisema. "Niliiangusha. Hii iko ya kupima meno ya skurubu. Unaweka hapa, kama meno yanaingia sawasawa, umejua skurubu yako iko ya namba gani. Kama hayaingii, unafungua jingine."

Nilimuuliza iliyobaki tuifanyeje. Alifungua jani jingine. Nilipoaga alikuwa bado ameshika kile chuma, nami nikakiacha kwake. Jumatatu asubuhi nilimkuta amesimama kwenye lango la karakana, amevaa koti la kazi la buluu lililofuliwa na kupigwa pasi.

Tuliifanya kazi ile karibu mwezi mzima. Nilikuwa nimeziba sehemu ya paa kwa turubai, tukaweka meza chini yake, karai moja upande wake, daftari upande wangu, na chombo cha mafuta ya taa katikati cha kuondolea kutu. Siku ya kwanza aliniambia, "Chukua karamu uandike," nami nikabaki kumwangalia, kwa sababu kwetu karamu ni shughuli ya kula na kunywa. Alirudia, akinionyesha kalamu sikioni mwangu. Nilicheka. Yeye hakucheka, lakini kuanzia hapo alilitamka lile neno polepole, akilitafuta lile "la" kwa ulimi.

Alianza na kile kilichofungwa kwenye gunia. Nilimwambia kwamba sikukiorodhesha kwa kuwa nilidhani ni silaha. Alikifungua, akakipeleka kwenye mwanga, akanionyesha ukingo wake. Palikuwa na doa la buluu, kavu, lililoingia kwenye mikwaruzo ya chuma.

"Hii iko ya kukwangua," alisema. "Shimo la chuma ambamo mhimili unazunguka lazima liwe laini sana. Unapaka mhimili rangi ya buluu, unauzungusha, unautoa. Pale buluu imebaki, ndipo pamenyanyuka. Unakwangua kidogo tu, kama unanyoa mtoto. Buluu hii iko ya kazi. Kitu cha mwisho ilichogusa iko kazi."

Niliandika hivyo. Kisha nikaomba ruhusa nitoke nje kidogo, nikaenda kusimama karibu na muuza parachichi.

Kuna kilichofanana na herufi T, mikono yake inasukumwa na springi ya ndani. Kile unakiingiza ndani ya tundu, unakiachia kinajitanua hadi kwenye kuta, unakikaza, unakitoa, kisha unapima upana wake nje, kwa kuwa ndani jicho halifiki. Kuna kilichokuwa na vigurudumu viwili vyenye mikwaruzo iliyokatizana. Hicho hukandamizwa kwenye mpini wa chuma unaozunguka ili upate mikwaruzo, mkono wenye mafuta usiteleze. Kuna kipande chembamba chenye umbo la mkia wa samaki, kisichozidi urefu wa kidole, ambacho ningekitupa. Alisema bila hicho hakuna skurubu inayokatwa ikanyooka.

Nilikuwa nimeandika kurasa tano nilipoona kwamba anafanya jambo jingine ambalo sikulielewa. Kila chuma alipokisafisha, kabla ya kunieleza kazi yake, alikigeuza akatafuta kitu kwa ncha ya ukucha. Nilimuuliza anatafuta nini. Akanisogezea kile alichokishika. Karibu na mpini palikuwa na nukta tatu zilizopigwa kwa ncha ya chuma.

Zana nyingi hazikuwa za karakana. Zilikuwa za mafundi wenyewe, walizonunua au kujitengenezea, na kila mmoja alipiga alama yake ili zisichanganyike. Walikuwa tisa. Mmoja alikuwa na nukta tatu, mwingine nyota, mwingine msalaba mdogo, mwingine mstari wenye nukta mbili juu yake. Huo mstari ulikuwa wa mzee mwenyewe.

"Andika na mwenyewe," aliniambia.

Nilimjibu kwamba msimamizi hakuomba hilo. Alisema anajua. Nikageuza daftari, nikaanza upande wa nyuma, na kuanzia siku hiyo niliandika mara mbili: mbele kazi ya chuma, nyuma jina la mtu. Majina sitayarudia hapa, ndugu zao wengine wako hai. Aliniambia na kidogo juu ya kila mmoja, bila mimi kumuuliza. Mwenye nukta tatu alipenda kuimba akiwa kazini, sauti mbaya sana. Mwenye nyota alikuwa ameoa mwezi wa pili. Mwenye msalaba alizika wazazi wake wote wawili wiki moja, miaka mingi nyuma, na tangu hapo hakunywa pombe. Alisimulia hayo akiwa anasugua kutu. Hakuna mahali alipotaja walivyokufa. Nami, niliyekuja juu ya lori wakati yote yamekwisha, sikujiona kuwa na haki ya kuuliza.

Alama moja aliipita. Ilikuwa samaki, mstari mmoja uliopinda na kujikata mkiani, umechorwa vizuri kuliko alama za wengine wote. Zana zenye samaki alinieleza kazi yake tu. Nilipofika upande wa nyuma na kalamu, alikuwa tayari ameshika kitu kingine. Niliacha nafasi wazi.

Chini kabisa ya karai la tatu kilikuwepo kitu nilichokipenda tangu siku ya kwanza. Kilikuwa cha shaba ya njano, umbo la kengele ndogo inayotosha kiganjani, lakini hakikuwa na ulimi wa kupigia. Badala yake, chuma chembamba kilipita katikati kutoka juu, na ukikisukuma, ncha yake ilichomoza ndani ya mdomo wa kengele kisha ikarudi. Kilikuwa kimesuguliwa hadi kinang'aa. Nilikuwa nimekiweka mwisho makusudi, kama mtoto anavyobakiza nyama.

Mzee alikishika, akakisukuma mara moja, akakiweka mezani.

"Hii sijui," alisema.

Nilishangaa, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza. Akasema amechoka, akaondoka mapema.

Siku zilizofuata nilikibeba kwenye mkoba wangu nikawauliza watu. Mkongo mmoja aliyeuza vipuri vilivyotumika karibu na stendi alisema ni sehemu ya taa ya kanisani. Mtawa mmoja niliyemfahamu alisema wao huzima mishumaa kwa kitu cha namna hiyo, ila chao kina mpini mrefu, na hiyo ncha ya ndani haina maana. Shangazi alisema ni kengele ya mbuzi iliyoharibika. Msimamizi alisema nikiandike "kitu cha shaba" tumalize. Nilikataa. Nilikuwa nimejifunza kwa mzee kwamba kila kimoja kina kazi yake, na sikutaka kufunga daftari na kimoja kisicho na kazi.

Jioni moja kabla ya kutoka kazini nilikisafisha ndani kwa kitambaa nilichokizungusha kwenye kijiti. Ndani ya mdomo, mahali ambapo huwezi kuona mpaka ukielekeze kwenye mwanga, palikuwa na samaki.

Ningeweza kunyamaza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikunyamaza, na jibu ninalolipata halinipendezi: nilitaka kujua. Asubuhi nilikiweka mezani mbele yake, mdomo ukiwa umemwelekea, nikamwambia nimeona alama.

Mzee aliondoka pale mezani. Nilidhani amekasirika. Alikwenda kwenye rundo la vyuma chakavu, akarudi na kipande cha nondo nene kilichokatwa sawasawa, akakibana kwenye jiriwa kikasimama wima. Akakifunika kichwa chake kwa ile kengele. Kengele ilikaa juu ya nondo kama kofia. Akachukua nyundo ndogo, akagonga ile ncha ya juu mara moja, akaiondoa kengele, akanivuta kwa mkono nije nione. Kwenye uso wa duara la chuma palikuwa na nukta moja.

"Pima," aliniambia.

Nilipima kwa rula kutoka nukta ile hadi ukingoni, pande nne. Zilikuwa sawa.

"Inatafuta kitovu," alisema. "Chuma chochote cha duara, kabla hujakiweka kwenye mashine lazima ujue kitovu chake kiko wapi. Sisi wote tulichora kwa bikari na chaki, mara nne, tunakosea, tunafuta. Yeye alichoka kufuta. Alichukua bomba la maji lililovunjika, akaliyeyusha, akatengeneza hii. Alikuwa fundi kuliko sisi wote. Mimi nilimfundisha, akanipita."

Mvua ilikuwa imeanza kugonga turubai. Aliketi, akaweka mikono yake miwili juu ya meza, na akanieleza mengine bila kupandisha sauti, nami nitayaeleza kwa ufupi kama alivyoyaeleza.

Mwenye samaki alikuwa jirani yake Gitega. Alikuwa baba wa ubatizo wa binti mkubwa wa mzee. Mwezi wa nne, mji ulipofungwa, mzee alikuwa amekwama upande mwingine wa mji, nyumbani kwa dada yake, na mke wake alikuwa Gitega na mabinti wawili. Siku ya sita mke wake aliamua kuondoka na watoto kwenda parokiani, yeye na mwanamke mwingine wa mtaa huo. Mke wa mzee alikuwa ametupa kitambulisho chake. Kwenye kizuizi cha barabarani alisema amekipoteza alipokimbia mabomu, na wale waliosimama pale walisitasita, kwa kuwa hawakuwa watu wa mtaa ule na hawakuzijua sura zao. Walikuwa karibu kuwapitisha. Mwenye samaki alikuwa pale kati ya wanaume wa kizuizini.

"Alisema neno dogo," mzee aliniambia. "Alisema, 'Hawa ninawajua.'"

Yule mwanamke mwingine alikuwa na kitambulisho cha upande ule usiowindwa, akapitishwa peke yake, na ndiye aliyemsimulia mzee mwezi wa saba. Mwenye samaki alikuwa amevuka kwenda Zaire.

Baada ya hapo mzee alinisogezea daftari, upande wa nyuma, penye zile nafasi nilizoziacha. Nilimwambia hakuna anayelazimisha. Alinijibu kwamba zana ni zake, alizitengeneza yeye, na kama jina lake halipo mtu atakayesoma atafikiri hakuwahi kufanya kazi pale. Alitaka ajulikane kwamba alikuwepo. Akanitajia jina, herufi kwa herufi, na mimi nikaliandika mara saba.

Msimamizi alipoiona ile sehemu ya nyuma alisema kwamba zana binafsi zisiwe mali ya karakana. Familia zikija, zipewe. Habari ilienea kama habari zilivyoenea siku zile, kutoka foleni ya maji hadi foleni nyingine. Alikuja mjane wa mwenye nyota, msichana wa miaka ishirini. Alikuja kaka wa mwenye msalaba. Kila aliyekuja, mzee aliacha alichokuwa akifanya, akapanga zana mezani, akaeleza kazi ya kila moja, moja baada ya nyingine, hata kwa mtu ambaye ilionekana wazi kwamba hatazitumia kamwe. Mjane yule wa mwenye nyota aliomba arudiwe mara mbili. Alitaka, alisema, aweze kumweleza mtoto, kwa maana alikuwa mjamzito.

Mwishoni mwa Novemba alikuja mwanamke mzee sana, peke yake, miguu imejaa tope hadi magotini. Alikuwa ametembea kutoka ng'ambo ya mto Nyabarongo. Alisalimia kwa Kinyarwanda, akasema amesikia kwamba tunawapa watu vitu vya watoto wao, na akamtaja mwanawe. Nililitambua jina. Nilikuwa nimeliandika mara saba.

Sikuwa na mtu niliyempoteza mwaka ule, si wa karibu. Lakini hasira iliyonipanda haikuuliza kama nina haki nayo. Nilikuwa tayari kumwambia kwamba vitu hivyo havipo. Kabla sijafungua mdomo, mzee alikuwa ameshamwona kutoka kwenye mashine. Alikuja akijifuta mikono. Wakasimama wakiangaliana, kisha akamwita mama, akamvutia kiti, akaniambia nilete kila chenye samaki.

Nilileta. Alivipanga kama alivyovipanga vya wengine wote, akamweleza kimoja kimoja. Kengele ya shaba aliiweka mwisho. Bibi aliuliza na hicho ni nini. Mzee alimwambia kwamba hicho mwanawe alikibuni kwa kichwa chake mwenyewe na hapakuwa na fundi mwingine mjini mwenye nacho. Akakionyesha tena, kwenye nondo, kwa pigo moja, na bibi akainama kuangalia ile nukta.

Alipoinuka alisema, "Najua alichokifanya. Aliniambia mwenyewe kabla hajavuka."

Mzee alimuuliza, "Alisemaje?"

"Alisema aliogopa."

Mzee aliangalia mikono yake. "Wote tuliogopa," alisema.

Bibi alifunga vile vyuma kwenye kitambaa, na vilikuwa vizito kwake, hivyo mzee akamfungia kwa kamba ili aweze kubeba mgongoni kama mtoto, akamsindikiza hadi barabarani. Hakuulizwa habari za msamaha, wala yeye hakuzitoa.

Aliporudi nilimuuliza kwa nini. Nadhani sauti yangu haikuwa ya heshima. Alikuwa ameshawasha redio ndogo ya betri na anatafuta habari, na alijibu bila kugeuka.

"Nimempa mama yake," alisema. "Yeye sijampa kitu."

Umeme wa kuaminika ulirudi kwenye mtaa wetu wiki ya pili ya Desemba, na mashine kubwa ikazunguka kwa mara ya kwanza. Mafundi walikuwa wameongezeka. Wawili walitoka Bujumbura na mmoja Goma, na walimwita mzee kwa heshima walipotaka kuuliza jambo. Pampu ya kwanza tuliyoimaliza ilipelekwa Busanza, pembeni mwa mji. Msimamizi alipata orodha yake na akaridhika nayo. Upande wa nyuma niliunakili kwenye karatasi nyingine, nikampa mzee, naye akaukunja akauweka kwenye mfuko wa shati.

Kabla ya Krismasi alinialika kwake kula chakula cha mchana, mimi na shangazi. Jirani yake alikuwa amepika ndizi na maharage na kipande cha nyama. Tulikaa ndani, kwenye chumba kilichokuwa na meza moja na viti vitatu visivyofanana. Shangazi, ambaye hakujua habari yoyote, alimuuliza kwa uchangamfu wake kama mke wake hakuchukia kuishi na mtu anayenuka mafuta ya mashine. Nilimkanyaga mguu chini ya meza, lakini mzee alikuwa ameshaanza kujibu.

Alisema alichukia sana. Mwaka wa kwanza wa ndoa alimchemshia maji kila siku na kumweka nje ya mlango na sabuni, haingii hadi anawe mpaka viwiko. Miaka ikaenda. Siku moja karakana ilifungwa wiki nzima kwa ukosefu wa vyuma, naye akakaa nyumbani, msafi. Siku ya nne mke wake akamwambia atafute hata kazi ya bure mahali, kwa sababu nyumba imekuwa kama ya mtu mwingine na hapati usingizi.

Shangazi alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya khanga. Mzee alimsogezea bakuli la maharage akamwambia aongeze, yapo mengi.